Pikapu Yako Inaeza Tembea na Mafuta ya Chipo? Kila Kitu Msee wa Nyeri Anafaa Kujua Kuhusu Biodizeli

Kama uko na pikapu ya dizeli mahali kati ya Nyeri na Nanyuki, tarehe 14 ya kila mwezi unaijua vizuri sana. Hiyo ndo siku EPRA inatangazanga bei mpya ya mafuta, na hiyo ndo inaamua kama mzigo wa viazi kutoka Kieni mpaka soko ya Karatina utakuachia kitu ama utarudi keja na mfuko ukipiga miayo. Septemba 2023 dizeli ilivuka 200 bob Nairobi kwa mara ya kwanza. Oktoba ikagonga 205.47. Bei ilishuka baadaye, lakini wasee wa pikapu hawajasahau.

Tangu hapo kuna stori haiishi kwa stage na kwa gereji: eti kuna wasee wanachukua mafuta ya chipo yametumika, wanayapika na kemikali, halafu wanaweka kwa tenki na gari inatii. Stori ni ya ukweli. Hiyo kitu inaitwa biodizeli, na dunia imekuwa ikiitumia miaka mob. Lakini kati ya stori ya stage na injini yako kuna vitu kadhaa zinaeza kukuangusha vibaya, na moja inaeza kukutoa macho. Wacha tuzipitie moja moja.

BIODIZELI NI NINI HASA

Jamaa mwenye alitengeneza injini ya dizeli, Rudolf Diesel wa Ujerumani, alionyeshwa enzi zake kwamba injini yake inaeza tembea na mafuta ya mimea. Kwa maonyesho ya dunia ya Paris mwaka wa 1900, injini moja ndogo ilitembea na mafuta ya njugu karanga, na watu wengi hawakushtuka hata kidogo. Kwa hivyo usidhani hii ni kitu ya TikTok.

Mafuta ya kupikia ni mazito. Yakiwa na joto la digrii 40 bado ni mazito karibu mara kumi kuliko dizeli ya sheli. Sasa ili yawe mepesi, unayachanganya na methanoli pamoja na soda kali, ile inaitwa kostiki soda. Hapo mafuta yanavunjika vipande viwili: biodizeli inabaki juu, na gliserini, kitu nzito ya rangi ya kahawia, inazama chini. Unatoa gliserini, unaosha biodizeli, unaikausha, na sasa uko na kitu inafanana na dizeli kwa uzito na inawaka kwa injini ile ile.

Kwa hivyo ukiskia msee akisema "mimi humwaga tu mafuta ya chipo kwa tenki," jua huyo hatumii biodizeli. Anatumia mafuta mabichi. Inaeza kubali leo na kesho, haswa kama injini ni ya kitambo na jua limewaka, lakini mafuta mazito hayanyunyizwi vizuri na nozo. Yanaacha masizi magumu kwa pistoni na ringi, na baada ya muda unapata injini inakula oili, inatoa moshi, na fundi anakuitisha doh ya kufungua kila kitu. Wenye hutumia mafuta mabichi vizuri wanakuwanga na tenki mbili na kitu ya kupasha mafuta moto kabla yafike kwa pampu. Hiyo ni wera ingine kabisa.

Na pia usichanganye hii na ile mchezo ya kutia mafuta taa kwa dizeli. Hiyo ni wizi, na ndo ilifanya serikali mwaka wa 2018 iweke ushuru wa 18 bob kwa kila lita ya mafuta taa. Mafuta taa ni makavu na yanakula pampu. Biodizeli ni kinyume, inalainisha pampu vizuri kuliko dizeli ya kawaida. Hata asilimia 1 ama 2 tu ndani ya dizeli inasaidia, juu dizeli ya siku hizi, yenye salfa chini tangu 2015, imepoteza ule ulaini wake wa asili.

HIZO NAMBA ZA B5, B20 NA B100

Hapa ni rahisi. Namba inakuambia asilimia ya biodizeli. B5 ni asilimia 5 ya biodizeli na 95 ya dizeli ya sheli. B20 ni 20 kwa 80. B100 ni biodizeli tupu.

B5 gari nyingi haziwezi hata jua imeingia. B20 ndo watu wengi duniani wanachukulia kama mahali pa kati: unaokoa kitu na hausumbui injini sana. B100 inataka gari imetayarishwa, hewa ya joto, na mwenye gari anajua anachofanya.

Kumbuka pia lita moja ya biodizeli haina nguvu sawa na lita ya dizeli. Iko chini kwa karibu asilimia 8. Kwa B20 hiyo tofauti ni ndogo mpaka hautaiskia. Kwa B100, ukiwa umebeba kabeji ukipanda milima ya Othaya, utaiskia.

MAFUTA YENYEWE YATATOKA WAPI

Chaguo la kwanza ni vibanda vya chipo, hoteli na shule. Kila tao ya huku, kuanzia Karatina, Nyeri, Nanyuki, Meru, Embu mpaka Kerugoya, iko na chipo kila kona. Mafuta yakishapika mara nyingi yanakuwa meusi na hayafai tena kwa chakula. Shida ni kwamba wengine bado wanayauza tena kwa wapishi wa bei ya chini, na hiyo ni noma kwa mwili wa mteja. Kuyapeleka kwa tenki ya gari ni mahali poa zaidi.

Lakini piga hesabu kabla ujipe matumaini. Tuseme pikapu yako inafanya kilomita 100 kwa siku na inakula lita moja kwa kilomita 10. Hiyo ni lita 10 kwa siku, lita 60 kwa wiki ya siku sita. Ukitaka B100 unahitaji lita 60 za mafuta ya chipo kila wiki, bila kukosa. Kama kila kibanda kinakupatia lita 5, hiyo ni vibanda 12, na kila kimoja kina msee mwingine anakitolea macho. Ukitaka B20 unahitaji lita 12 tu kwa wiki. Hiyo msee mmoja anaeza pata bila kupigana na mtu.

Chaguo la pili liko hapo kwa ua yenu. Mti wa mukinduri, jina la sayansi Croton megalocarpus, umekuwa kwa mashamba ya Mlima Kenya miaka yote kama kivuli, kuni na mpaka wa shamba. Mbegu zake zinaanguka chini na watu wanazikanyaga. Lakini ndani kuna mafuta, karibu theluthi moja ya uzito wa mbegu. Kampuni inaitwa Eco Fuels Kenya ilianza biashara ya hizo mbegu upande wa Nanyuki mwaka wa 2012: walinunua kwa wakulima, wakakamua, mafuta yakatumika badala ya dizeli kwa vitu kama jenereta na pampu za maji, na makapi yakageuka mbolea na chakula cha kuku. Mafuta ya mukinduri hayaliwi, kwa hivyo hayashindani na sufuria ya mtu.

Chaguo la tatu ni lile lilitapeli watu. Unakumbuka jatrofa? Karibu 2006 mpaka 2009 kila mtu aliambiwa apande jatrofa, eti ni dhahabu ya kijani. Serikali ikatoa mpango wa biodizeli wa 2008 mpaka 2012. Halafu mwaka wa 2009 ripoti iliyofanywa na ICRAF, KEFRI na wenzao kwa niaba ya GTZ ilienda mashambani ikahesabu mazao ya ukweli. Jibu likawa: kwa mkulima mdogo, jatrofa hailipi, labda kama ua tu wa shamba. Wasee walikuwa tayari wamepanda. Kwa hivyo mtu akikuja na mbegu ya miujiza na risiti ya kujiandikisha, kumbuka jatrofa.

Siku hizi mchezo mkubwa umeingia pia. Kampuni ya Italia, Eni, ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu Makueni mwaka wa 2022, na Oktoba mwaka huo huo shehena ya kwanza ya mafuta ikatoka Kenya kuelekea kiwanda chao cha Gela, Italia. Mbegu kama nyonyo na mukinduri ni kati ya zile wanataka, na pia mafuta ya kupikia yaliyotumika. Maana yake kwako ni moja: mafuta machafu ya chipo sasa yana bei. Usidhani utayapata bure milele.

PIKAPU GANI INAKUBALI

Hapa ndo wengi wanajipata kwa shida, juu pikapu zote zinaitwa dizeli lakini ndani haziko sawa.

Injini za kitambo zenye pampu ya kimakanika ndo rafiki. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, Hilux za zamani za 3L na 5L, Isuzu TFR yenye 4JA1. Hizi zinavumilia. Presha yake ni ya chini, hazina kompyuta ya kulialia, na fundi wa jua kali anaeza fungua pampu akaifunga.

Injini za kisasa, kama Hilux za D-4D, D-Max za miaka ya karibuni na Ranger, ziko na presha ya juu sana na injekta za umeme zenye matundu madogo sana. Tone la maji, chembe ya gliserini ama soda ikibaki kwa mafuta, unabuy injekta mpya, na hizo sio za finje. Kama gari ina ile chujio ya moshi kwa eksosi, kuna shida ingine: gari ikijisafisha inanyunyiza mafuta ya ziada, na biodizeli inateleza kwa ukuta wa silinda mpaka kwa oili. Oili inakuwa nyepesi kabla ya siku yake ya servisi.

Kwa hizo za kisasa, soma kitabu cha gari. Kinasema mwisho ni B ngapi. Ukipita hapo na gari bado iko na waranti, umejitoa mwenyewe. Na kama pikapu ni ya mkopo, logibuku bado iko kwa benki, fikiria mara mbili. Injini ikikufa, mkopo haufi nayo.

Kitu ingine ni raba. Biodizeli inakula raba ya kawaida polepole. Paipu zinavimba, zinakuwa laini, zinavuja. Gari za kitambo ndo ziko na hizo raba. Kwa B20 itachukua muda, kwa B100 ni haraka. Kuna raba za kustahimili, zinaitwa Viton, uliza kwa duka la spea. Pia epuka kuhifadhi kwa vyombo vya shaba, zinki ama risasi. Vinaharibu mafuta.

BARIDI YA JULAI: HII NDO SIRI YA HUKU KWETU

Video nyingi za biodizeli zimetengenezwa na watu wa mahali pa joto ama na wazungu wenye wanatumia mafuta ya aina ingine. Hapa Kenya mafuta mengi ya chipo ni ya mawese. Na mawese yako na tabia moja unaijua tayari: asubuhi ya baridi yanaganda kwa chupa hapo jikoni.

Biodizeli ya mawese inarithi hiyo tabia. Inaanza kuwa na ukungu na chembe za nta mahali kati ya digrii 10 na 16. Sasa angalia tuko wapi. Nyeri iko karibu mita 1,750 juu ya bahari, Nanyuki karibu 1,950. Usiku wa Julai Nyeri joto linashuka mpaka karibu digrii 10, na Nanyuki linaenda chini ya hapo. Umeamka saa kumi usiku upakie karoti, unapiga stata, gari inawaka dakika mbili inazima. Hakuna kitu imeharibika. Filta imejaa nta, na mzigo wako unasubiri jua litoke.

Kuna njia tatu za kujiokoa:

1. Punguza mchanganyiko msimu wa baridi. B20 inaganda kwa joto la chini kuliko B100. Kati ya Juni na Agosti wengine wanafaa kushuka mpaka B5 ama B10 kabisa.

2. Chagua mafuta. Mafuta ya alizeti, soya na mukinduri yanavumilia baridi kuliko mawese. Ubaya wake ni kwamba yanaharibika haraka yakikaa, kwa hivyo hayo hauweki stoo miezi.

3. Fanya testi ya chupa. Weka mchanganyiko wako kwa chupa safi ya maji, acha nje usiku, angalia saa kumi na mbili asubuhi. Kama ni safi unaona ng'ambo, uko fiti. Kama kuna ukungu ama kitu nyeupe chini, usiweke kwa tenki wiki hiyo. Testi haina gharama na itakuokoa kupigia msee wa kuvuta gari.

VILE INATENGENEZWA

Hii ni picha ya jumla ili ujue unachouziwa, na ujue kama msee anayekuuzia anafanya kazi ama anapika porojo.

Mafuta yanachujwa kwanza kutoa mabaki ya viazi, halafu yanapashwa moto kutoa maji yote. Maji yakibaki utapata sabuni badala ya mafuta.

Kisha yanapimwa asidi. Mafuta yaliyochoka yana asidi nyingi na yanataka soda zaidi. Unachukua mililita 1 ya mafuta kwa mililita 10 za spiriti ya isopropili, unaongeza kidogo kidogo maji yenye gramu 1 ya soda kwa lita, mpaka rangi igeuke. Kwa rangi wengine wanatumia manjano, ile ile ya pilau, juu inageuka nyekundu soda ikizidi asidi. Mililita ulizotumia ndo gramu za soda utaongeza kwa kila lita, juu ya kiwango cha kawaida cha kati ya gramu 3.5 na 5. Kama mililita zinapita 5 ama 6, hayo mafuta yamechoka sana, achana nayo.

Halafu kwa kila lita 100 za mafuta unatumia karibu lita 20 za methanoli. Soda inayeyushwa ndani ya methanoli, inachanganywa na mafuta yakiwa karibu digrii 55, inakorogwa kwa saa moja ama mbili kwa mtambo uliofungwa, na inaachwa itulie usiku kucha. Gliserini inatolewa chini. Biodizeli inaoshwa na maji taratibu mara mbili tatu, halafu inakaushwa mpaka ing'ae.

Kuna testi mbili za haraka za kujua kama imeiva. Ya kwanza: weka mililita 3 za biodizeli kwa mililita 27 za methanoli. Ikiyeyuka yote, iko sawa. Ikiacha matone ya mafuta chini, haijaiva. Ya pili: changanya nusu maji nusu biodizeli kwa chupa, tikisa kwa nguvu. Ikitengana safi ndani ya nusu saa, poa. Ikibaki kama mala, bado kuna sabuni ndani. Muuzaji akikataa ufanye hizo testi mbele yake, beba mtungi wako uende.

METHANOLI SIO MCHEZO

Soma hapa pole pole hata kama umeruka mengine.

Methanoli ni ile ile kemikali inaua watu kwa pombe mbaya. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 70 Kenya, na Embu, tao ya huku kwetu, ilikuwa kati ya mahali paliumia zaidi. Wengine walibaki hai lakini vipofu. Haihitaji kunywewa: inaingia kupitia ngozi na kupitia mapua. Inafanana na maji na inanukia kama spiriti. Mtungi wake ukiachwa kwa ua bila kuandikwa, mtoto ama jirani mlevi anaeza onja. Kwa hivyo andika, funga kwa kufuli, na usiwahi weka kwa chupa ya soda.

Moto wake mchana hauonekani vizuri. Unaeza kuwa unaungua na hujaona. Hakuna jiko, hakuna sigara, hakuna simu ya kuchaji hapo karibu. Nje, hewa ya kutosha, glavu, miwani.

Na soda kali: usiwahi itia kwa sufuria ya kawaida. Sufuria zetu nyingi ni aluminiamu, na soda ikikutana na aluminiamu inatoa gesi ya haidrojeni, ile inalipuka. Inaeza toboa sufuria. Tumia chuma cha pua ama plastiki nzito. Ikikurukia kwa jicho, maji mengi dakika 15 na uende hospitali saa hiyo hiyo.

Kusema ukweli, kama uko kwa ploti na keja zimebanana, usitengeneze. Nunua kwa mtu ako na mtambo wa maana ama achana na hiyo form.

HESABU YA DOH

Hapa namba ni za mfano tu. Weka zako.

Tuseme mafuta ya chipo unanunua 60 bob lita. Methanoli 150 bob lita, unatumia lita 0.2, hiyo ni 30 bob. Soda 5 bob. Stima, maji na hasara ya kile kimeharibika, 15 bob. Jumla 110 bob kwa lita, na hujajilipa.

Kama dizeli ya sheli ni 170 bob, unaokoa 60 bob kwa lita ya biodizeli. Toa ile asilimia 8 ya nguvu imepungua, unabaki na karibu 46. Kwa B20, lita 12 kwa wiki, hiyo ni karibu soo tano na hamsini kwa wiki. Mwezi, karibu thao mbili na soo mbili.

Ni doh, lakini sio ya kuomoka. Filta mbili za dharura na siku moja gari imelala gereji zinaimaliza. Mafuta ya chipo yakipanda mpaka 110 bob, hesabu inakufa kabisa. Biodizeli inalipa vizuri kama una mafuta ya bei ya chini ya uhakika, kama vile una hoteli yako ama una mkataba na shule, na una gari zaidi ya moja za kushiriki mtambo. Sacco ya wakulima wa maziwa yenye pikapu tano inaeza fikiria. Msee mmoja na TFR moja anafaa kuanza kidogo.

Na usisahau kwa nini dizeli ni ghali: sehemu kubwa ya bei ni ushuru. VAT ya mafuta iliruka kutoka asilimia 8 mpaka 16 mwaka wa 2023, na Julai 2024 ile doh ya kutengeneza barabara ikatoka 18 ikafika 25 bob kwa lita. Serikali ikianza kuangalia biodizeli na jicho hilo hilo, faida yako itakonda.

SHERIA IKO WAPI

Biashara ya kuuza mafuta ya gari inataka leseni ya EPRA, na bidhaa lazima ifikie viwango vya KEBS. Kabla uanze kupima jerikeni za majirani, pitia kwa ofisi uulize. Maji ya kuoshea biodizeli yana sabuni na methanoli, kwa hivyo ukiyamwaga kwa mtaro yaende Mto Chania, NEMA ina haki ya kukutembelea. Gliserini nayo ina methanoli mpaka itolewe, kwa hivyo usimpe mathe atengeneze sabuni ya kunawa kama haijashughulikiwa.

UKIAMUA KUANZA, FUATA HII MPANGO

1. Anza na B5 tenki mbili, halafu B10, halafu B20. Usiruke.
2. Beba filta ya mafuta ya ziada na spana yake kwa gari. Biodizeli inasafisha uchafu wa miaka yote kwa tenki na inaupeleka kwa filta. Tenki za kwanza filta inaeza ziba. Hiyo ni kawaida, badilisha.
3. Angalia paipu za raba kila wiki. Ukiona unyevu ama paipu imevimba, badilisha kabla ya safari ndefu.
4. Angalia oili kwa kijiti. Ikipanda juu badala ya kushuka, mafuta yanaingia kwa oili. Rudi kwa dizeli tupu na umwone fundi.
5. Usiweke biodizeli stoo zaidi ya miezi sita. Mtungi ujae, ufungwe, ukae gizani. Maji yakiingia, vijidudu vinaota na filta inapata ute mweusi.
6. Andika kila tenki: tarehe, mchanganyiko, kilomita, mafuta yalitoka wapi. Gari ikianza kelele, hiyo daftari ndo itakuambia shida ilianzia kwa mtungi gani.

MASWALI YENYE WATU WANAULIZA SANA

Moshi utanuka chipo? Kwa B100, ndio, kidogo. Kwa B20, karibu hautajua.

Ni safi kuliko dizeli? Moshi mweusi na salfa zinapungua. Gesi za naitrojeni zinaeza panda kidogo. Kwa ujumla mapafu ya watu wa stage yatakushukuru.

Gari ya petroli inaeza tumia? Hapana. Usijaribu hata kwa bet.

Naeza changanya ndani ya tenki moja kwa moja? Ndio, mimina biodizeli halafu ujaze dizeli juu yake, barabara itakoroga. Asubuhi ya baridi changanya kwanza kwa jerikeni yenye joto.

Nikirudi kwa dizeli ya kawaida kuna shida? Hakuna. Unajaza tu unaenda.

Sasa kama bado una kiu ya hii kitu, wiki hii fanya mawili tu. Uliza vibanda vitatu unavyojua mafuta yao machafu yanaenda wapi na kwa bei gani. Halafu fungua boneti uangalie injini yako imeandikwa nini na paipu zake ziko aje. Majibu ya hayo mawili yatakuambia kama biodizeli ni yako, ama uendelee kungoja tarehe 14 na sisi wengine.